Korosho tunazipasua kuzikagua, stepla za kifuani tunazipigia makofi

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni. Najua wapo mnaopita hapa kutaka kujua nani kachukua fomu Masasi na nani kakatwa jina Newala. Hayo yapo, hayaendi popote. Leo nataka kuongelea stepla. Ndiyo, stepla, ndugu yake ile ya ofisini ya kubana karatasi, isipokuwa hii hubana mishipa ya damu ndani ya kifua cha binadamu.

Na kabla sijamnyooshea mtu yeyote kidole, naanza na mimi mwenyewe.

Wakati naanza uandishi nilitumwa kwenye hafla ya makabidhiano ya vifaa tiba. Hospitali siitaji, wafadhili siwataji, na wale mabingwa wa kubahatisha naomba wapumzike. Mnazijua hafla hizi. Meza imetandikwa kitambaa, maboksi yamepangwa kama matofali, mgeni rasmi kachelewa saa mbili, soda zimeshapata joto. Nikapiga picha ya mgeni rasmi akiwa kashika kitu kirefu cha plastiki mfano wa bastola. Tukaambiwa hizo ni stepla za kisasa za kubana mishipa ya damu kwenye upasuaji wa kifua, na thamani yake tukatajiwa kwa mamilioni. Makofi. Nikaandika kama nilivyoambiwa. Boksi sikufungua. Swali nililouliza siku ile lilikuwa moja tu: jina kamili la mgeni rasmi na cheo chake, maana cheo kikikosewa mhariri anakutafuta hadi kwa bibi yako.

Mwaka uliofuata mjomba wangu akaanza kukohoa damu.

Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo. Huku Ndanda, chini ya mlima wa Makonde, sisi Wamakua, Wamakonde na Wamwera ukoo tunauhesabu kwa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli. Huyu wangu alinisomesha kwa korosho zake. Alikuwa ameugua kifua kikuu mara mbili, akanywa dawa akamaliza, akapona. Lakini ugonjwa uliacha pango sehemu ya juu ya pafu la kulia, na ndani ya pango kuvu ikaota ikajiviringisha kama mpira wa makaratasi. Kuna asubuhi alitema damu ya kujaza kikombe cha chai. Rufaa juu ya rufaa, basi juu ya basi, mwisho tukafika hospitali ile ile nilikopiga picha.

Daktari bingwa alitukalisha akatueleza bila kuficha. Atafungua kifua, ataondoa kipande cha pafu, na mishipa ataifunga kwa uzi, mmoja mmoja, kwa mkono. Mjomba akanigeukia.

"Mpwa wangu, si wewe uliyeandika gazetini kwamba mashine zimekuja?"

Sikuwa na jibu. Daktari alitabasamu kidogo, akanichukua hadi stoo ya chumba cha upasuaji. Stepla zilikuwepo. Mipini ilikuwa ya kampuni mbili tofauti. Katriji, yaani ile sehemu yenye pini inayochomekwa mbele ya mpini, nyingi zilikuwa za utumbo, zenye pini ndefu. Chache zilizofaa mishipa zilikuwa za kampuni ya tatu na hazikuingia kwenye mpini wowote uliokuwepo. Nikasoma tarehe: zilikuwa zimekwisha muda miezi mitatu baada ya yale makofi yetu. "Zinatusaidia kufundishia wanafunzi," nesi akaniambia, wala hakuwa na kejeli.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kusumbua madaktari. Nimeelewa haya.

Mdomo wa stepla hii ni mrefu kama wa korongo. Unapitishwa chini ya mshipa, unafumbwa, halafu mpini ukibonyezwa hutema mistari ya pini ndogo za titani, kwa kawaida mistari miwili au mitatu kila upande, na kisu hupita katikati. Kila pini hujikunja mfano wa herufi B. Sekunde chache, mshipa umekatwa na pande zote mbili zimezibwa. Kwa mishipa ya damu pini huwa fupi, miguu yake kama milimita 2.5 au chini ya hapo, ikikunjwa inabaki kama milimita 1. Utumbo na bomba la hewa hutaka ndefu zaidi. Ukichukua pini ya utumbo ukaipiga kwenye ateri ya pafu, ambayo ukuta wake ni mwembamba, ni kama kufunga geti lisilofika kwenye nguzo. Damu haisubiri ruhusa. Na usije ukategemea rangi ya katriji kukuokoa: kampuni moja katriji ya mishipa ni nyeupe, nyingine ni ya kijivu au kahawia hafifu. Changanya misaada ya kampuni tatu kwenye kabati moja halafu uniambie nesi wa zamu ya usiku akumbuke ipi ni ipi.

Sipingi stepla, tuelewane. Ni kifaa kizuri. Ndicho kilichowezesha watu kutolewa kipande cha pafu kupitia matundu madogo ubavuni badala ya kupasuliwa kifua kizima, wakarudi nyumbani mapema. Ninachopinga ni namna tunavyokipima, au niseme namna tunavyokubali kipimo cha watu wengine bila kuuliza kilipimwa juu ya nani.

Kipimo kinachopendwa na maabara ni hiki: chukua mshipa wa nguruwe, ubane kwa stepla, sukuma maji ndani mpaka uvuje, andika shinikizo. Sasa shinikizo la damu kwenye ateri ya pafu ya mtu mzima mwenye afya ni dogo, kama 25 hivi kwa milimita za zebaki, wakati lile tunalopimwa mkononi ni kama 120. Mstari wa pini uliokaa vizuri unahimili kuzidi hapo kwa mbali. Kwa mtihani huo karibu kila stepla inafaulu, na kipeperushi cha matangazo kinapambwa kwa grafu. Ila muulize daktari anayefungua vifua kinachomtisha ni nini. Hatakutajia pini nzuri zilizoshindwa na shinikizo. Atakutajia siku kisu kilipokata na pini hazikujikunja. Au siku mdomo ulipofumba juu ya ateri ukagoma kufumbuka. Ateri ya pafu hupitisha damu yote itokayo upande wa kulia wa moyo, lita kama tano kwa dakika kwa mtu aliyetulia, inagawana mapafu mawili. Fanyeni hesabu wenyewe.

Haya siyatungi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa barua kwa madaktari Machi 2019. Ilisema kuanzia Januari 2011 hadi Machi 2018 ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 kuhusu stepla na pini za upasuaji wa ndani ya mwili: vifo 366, majeraha makubwa zaidi ya 9,000, na hitilafu zaidi ya 32,000. Hizo ni za upasuaji wa aina zote, tumbo na kifua, na taarifa si hukumu. Hata hivyo ni nyingi kwa kifaa ambacho mpaka 2021 sheria yao ilikiweka daraja la 1, daraja moja na bandeji na vile vijiti vya kukandamizia ulimi! Oktoba 2021 ndipo stepla za ndani ya mwili zilipopandishwa daraja la 2, na watengenezaji kutakiwa kuonyesha majaribio na maelekezo zaidi.

Na hizo 41,000 zilijulikanaje? Waandishi wenzangu hapa mtege sikio. Mwaka huo huo wa 2019 mwandishi Christina Jewett wa Kaiser Health News alifichua kwamba FDA ilikuwa imeziruhusu kampuni kupeleka taarifa nyingi kwenye hifadhi ambayo wananchi hawaioni. Kwa mwaka 2016 peke yake, majeraha ya stepla yaliyoonekana kwenye hifadhi ya wazi hayakufika 100, lakini taarifa za hitilafu karibu 10,000 ziliingia kule kwenye giza. Baada ya habari zile kutoka, mpango ule ukafungwa na taarifa zikawekwa hadharani. Mwandishi mmoja aliuliza swali la pili na la tatu. Mimi niliuliza cheo cha mgeni rasmi.

Nitoe mfano wa kifuani kabisa. Mwanzoni mwa 2012 kampuni ya Covidien ilizuia stepla zake za Duet TRS zisitumike tena kifuani. Zilikuwa zimeshikizwa kiwandani utando wa kuimarisha mshono wa pini, jambo ambalo ukilisikia unalipenda. Zilipotumika kifuani zikahusishwa na majeraha makubwa 13 na vifo 3, kwa sababu ziliweza kudhuru viungo vya jirani. Maana yake walioona ubaya wake ni wagonjwa, kifaa kikiwa kimeshapita mitihani na kiko sokoni. Na wale wagonjwa walikuwa kwenye hospitali zenye kila kitu.

Ndipo narudi Ndanda.

Vifua vingi vinavyoandikwa kwenye tathmini za stepla ni vya wagonjwa wa saratani iliyogunduliwa mapema, huko Ulaya, Marekani na Japani. Pafu linateleza, mshipa unaonekana, tishu ni laini. Sisi vifua vyetu ni vya kifua kikuu. Tanzania ilikuwemo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, orodha ya 2021 hadi 2025. Pafu lililoliwa na kifua kikuu hushikana na ukuta wa kifua kama ugali uliokaukia sufuriani. Tezi zinazozunguka mishipa hugeuka ngumu, nyingine huwa na chokaa kabisa kama kokoto, na hung'ang'ania ateri. Mdomo wa stepla unahitaji nafasi nyuma ya mshipa ili upite, na nafasi hiyo ndiyo isiyokuwepo. Ukilazimisha unachana. Ukibana pamoja na kokoto, pini zinapinda ovyo. Kisha kuna mishipa ile inayolisha mirija ya hewa, ambayo kwa mgonjwa wa aina ya mjomba huvimba na kuongezeka, nayo hubeba shinikizo la mwili mzima, siyo lile dogo la ateri ya pafu. Mara nyingi damu inayokoholewa hutoka huko. Basi nguruwe mwenye afya wa maabara anatuambia nini kuhusu kifua cha mzee wa Mwena aliyeugua mara mbili?

Halafu jambo la pili, ambalo halipo kwenye grafu yoyote: stepla ikigoma, pembeni yake kuna nini? Barua ile ya FDA ina ushauri mmoja nimeunakili kwenye daftari langu. Stepla ikileta hitilafu ikiwa juu ya mshipa wa damu, bana au funga mshipa huo kwanza, stepla ikiwa bado imeufumba, ndipo uiachie. Ushauri safi. Lakini unadai vitu: vibanio vya mishipa viwe mezani tayari, uzi uwe umeshatungwa kwenye sindano, awepo mtu anayejua kufunga kwa mkono, na damu iwe kwenye jokofu. Damu salama ya mikoa yetu ya kusini inaratibiwa kituo cha kanda, Mtwara. Kutoka Ndanda kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500. Daktari wa Munich stepla ikimgomea anaita mwenzake wa chumba cha jirani. Wa kwetu anamwita nani?

Ndiyo maana nasema stepla isipimwe kwa siku yake nzuri. Ipimwe pamoja na hospitali itakayoipokea, na ipimwe kwa siku itakayogoma. Hospitali isiyoweza kufunga ateri kwa uzi haijawa tayari kupewa stepla, hata iwe ya dhahabu. Na ile inayoweza kufunga kwa uzi, basi iulizwe yenyewe inahitaji stepla ya aina gani, katriji ngapi, na nani atazilipia zikiisha.

Maana zinaisha! Hapa ndipo biashara ilipo. Stepla ya kwanza ilitengenezwa Budapest mwaka 1908, ya daktari Hümér Hültl. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3 na kuiunganisha tu ilichukua muda mrefu. Warusi wakaja kuziendeleza miaka ya 1950 kwenye taasisi yao ya Moscow, hadi za kubana mishipa na mapafu. Zilikuwa za chuma. Unaosha, unachemsha, nesi anapanga pini moja moja, unatumia tena kesho. Mwaka 1958 daktari Mmarekani Mark Ravitch alitembelea Kiev akaona zinavyofanya kazi kwenye upasuaji wa mapafu, akarudi na wazo nyumbani. Kufikia 1964 mfanyabiashara Leon Hirsch alikuwa ameanzisha kampuni ya United States Surgical, na baada ya hapo dunia ikazoea katriji iliyopangwa kiwandani, ya kutumia na kutupa. Kwa usafi na wepesi ni hatua, sikatai. Kwa mfuko wa Masasi ni kamba shingoni.

Tupige hesabu ya korosho. Katriji moja huuzwa kwa mamia ya dola. Nichukue dola 200 tu. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa sh. 3,300 kwa kilo, dola 200 zilikuwa sawa na karibu kilo 140. Hayo ni karibu magunia mawili ya kilo 80. Kuondoa kipande cha pafu kunaweza kula katriji tano, sita au zaidi, kwa sababu mishipa ni mingi na bado kuna bomba la hewa. Mjomba na shamba lake lote lile asingefika katriji ya mwisho. Uzi wa hariri bei yake haikaribii hata kidogo. Kwa hiyo mfadhili anapoleta mipini na katriji za miezi mitatu, ametuletea kiu akachukua kata yake akaondoka. Na hapo ndipo unapoingia ule mchezo ambao sote tunaujua na hatuusemi: kifaa kilichoandikwa kitumike kwa mgonjwa mmoja kinaoshwa, kinasubiri mgonjwa wa pili. Kisu kimeshakuwa butu. Chembe za damu zimejificha kwenye maungio. Mtu anayefanya hivyo simlaumu haraka, kwa sababu mbele yake kuna mgonjwa na nyuma yake kuna kabati tupu. Namlaumu aliyeliita kabati hilo "msaada".

Na kwa kuwa nimetaja korosho, nimalize nayo kabisa. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima akipeleka korosho ghalani zinapimwa uzito, zinapimwa unyevu, mkaguzi anachota sampuli, anazipasua moja moja, anahesabu mbovu, anapanga daraja. Korosho ikiwa chafu inarudishwa, hata ukiwa umeipakia kwenye baiskeli kutoka Newala. Hiyo ni korosho, inayokwenda kuliwa na mtu wa nchi za mbali. Sasa kile kinachoingia kwenye kifua chetu, nani anachota sampuli mlangoni mwa hospitali? Nani anapasua boksi mbele ya mgeni rasmi?

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: vya bure havikaguliwi, shukuruni. Wazee wetu walishasema rahisi huvunja upishi, na mimi nimeona chungu chenyewe. Wala si ukosefu wa adabu kukagua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 unataka dawa za msaada zifike zikiwa zimebakiza angalau mwaka mmoja, na ule wa vifaa tiba wa 2011 unasisitiza mpokeaji aulizwe kwanza anahitaji nini. Utafiti wa Perry na Malkin wa 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini havifanyi kazi. Wanaotuletea wanayajua haya kuliko sisi.

La pili, hili la madaktari: mwandishi asiingilie taaluma. Ndugu zangu, sitamfundisha mtu kushika kisu. Lakini tarehe kwenye boksi inasomeka na yeyote aliyemaliza darasa la saba. Kuuliza katriji inaingia kwenye mpini au haiingii hakuhitaji digrii.

La tatu linaniuma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake: wapi Ndanda na wapi stepla, kwanza tupate glavu. Mimi nakataa kuchaguliwa. Misheni ya Ndanda ilianzishwa 1906, majivu ya Maji Maji yakiwa hayajapoa, na miaka ya 1920 akafika Sista Thekla Stinnesbeck, daktari Mbenediktini, akaanza kutibu watu mahali ambapo nadhani kuna waliosema vivyo hivyo, wapi Ndanda na wapi daktari. Watu wetu wanakohoa damu leo. Wanahitaji glavu, na wanahitaji mtu wa kuwafungua kifua na kukifunga wakiwa hai. Nchi hii imeanza upasuaji wa moyo Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ujuzi upo na unakua. Ujuzi huo ndio ukae mezani kuamua stepla ipi iingie nchini kwa ajili ya vifua vya aina yetu, na matokeo yaandikwe, ya stepla na ya uzi, nani alivuja damu, nani alirudishwa mezani, nani alikwenda nyumbani.

TMDA, ambayo hadi 2019 tuliijua kama TFDA, ina utaratibu wa kupokea taarifa za madhara ya dawa na vifaa tiba. Nataka taarifa za stepla zitoke hadharani kila mwaka, kwa jina la kifaa na kosa lililotokea, bila jina la mgonjwa wala la daktari. Daktari akijua ataitwa kuhojiwa hataandika. Akijua maandishi yake yatamwokoa mgonjwa wa Bugando au KCMC ataandika. Na hospitali ipewe haki ya kusema hapana siku ya makabidhiano, mbele ya kamera, pasipo mkurugenzi kupoteza kazi.

Nasi waandishi tuache uzembe. Hayati Benjamin Mkapa alisoma hapa hapa Ndanda, na kabla ya siasa za juu alikuwa mhariri. Sidhani alipata kutoa picha ya boksi kabla hajauliza ndani mna nini. (Kama alitoa, basi tumefanana, hehehe.)

Mjomba je? Operesheni ilichukua muda mrefu kupita tulivyoambiwa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, shangazi akiwa na rozari, mimi nikiwa na simu isiyo na chaji. Daktari alipotoka alikuwa amelowa jasho. Alisema tezi ziling'ang'ania ateri hasa, akalazimika kuufungua mfuko wa moyo ili aishike ateri mahali palipo salama, akaifunga kwa uzi mara mbili na kuishona juu yake. Nikamuuliza, je, ungekuwa na stepla sahihi ungeitumia? Akafikiri. Akasema kwenye mshipa wa vena labda, na kwenye bomba la hewa angefurahi sana. Kwenye ile ateri, hapana, isingepita. Jibu hilo moja limenifundisha kuliko vipeperushi vyote.

Mzee sasa yuko nyumbani, anabangua korosho na kulalamikia bei. Kila mgeni akija anaonyeshwa kovu, na mimi naonyeshwa kama mwandishi wa mashine.

Kwa hiyo ile habari yangu, kwa kuwa gazeti halikuwahi kuisahihisha, naisahihisha hapa. Pale niliposema stepla za kisasa za kubana mishipa ya kifua zimekabidhiwa, isomeke: mipini ya kampuni mbili, katriji nyingi za utumbo, na katriji chache za mishipa za kampuni ya tatu, zisizoingia kwenye mipini hiyo na zilizobakiza miezi mitatu. Cheo cha mgeni rasmi kilikuwa sahihi.